Mganga, Gango na Mizani: Historia ya Ilmu ya Mwendo wa Mwili

Mtu ashukaye alfajiri kutoka Bahati kuelekea mji wa Nakuru huweza hata leo kumkuta mama wa Kikikuyu ameinama kidogo, mgongoni ana tita la kuni, na mkanda wa ngozi uitwao mũkwa umempita kipajini. Naye huenda mwendo mmoja usiobadilika, kana kwamba tita lile ni sehemu ya kiwiliwili chake. Mwendo huo, ambao wenyeji wameuzoea hata hawautazami, ndio uliochunguzwa na Geoffrey Maloiy, mwanafiziolojia wa Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na wenziwe, na habari zake zikachapishwa katika jarida la Nature mwaka 1986. Wanawake wa Kijaluo, wajitwikao utosini, na wa Kikikuyu, wabebao kwa mkanda, walitembezwa juu ya mashine huku pumzi zao zikipimwa. Ikadhihirika kwamba mzigo usiozidi asilimia 20 ya uzito wa mwili hauwaongezei matumizi ya nguvu, ilhali kuruta wa jeshi mwenye shanta mgongoni hulipa kwa kila ratili aongezewayo. Mwaka 1995 uchunguzi mwingine ulieleza sababu: mwili wa atembeaye hupanda na kushuka kila hatua mithili ya timazi iliyopinduliwa, na wanawake hawa, wakiisha kujitwika, hupoteza nguvu kidogo zaidi baina ya kupanda na kushuka huko.

Nimetanguliza habari hiyo kwa kusudi, maana hiyo ndiyo kinesiolojia halisi, neno litokanalo na Kiyunani na maana yake ilmu ya mwendo. Na katika bara letu nasikitika kuona jina hilo likisikika zaidi kwa wauzao tiba za ajabu kuliko kwa wale waliolitolea jasho. Msingi wa ilmu hii katika tiba za Ulaya uliwekwa Stockholm mwaka 1813, Per Henrik Ling alipofungua chuo cha mazoezi ya viungo. Na karne iliyofuata, huko Boston, tabibu Robert Lovett na msaidizi wake Wilhelmine Wright wakabuni namna ya kupima misuli ya watoto waliopoozwa na polio. Mtoto huambiwa ainue mguu, mpimaji akauzuia kwa kiganja, na nguvu ya msuli ikapewa daraja. Kipimo kilichotokana na kazi hiyo, chenye daraja kutoka 0 hadi 5, ndicho kitumiwacho na wataalamu wa fiziotherapia mpaka sasa, na uzuri wake ni kwamba hakidai kujua jambo lolote isipokuwa nguvu ya msuli ulioguswa.

Wala wenyeji wa Bonde la Ufa hawakungoja Boston. Miongoni mwa Wakalenjin, ambao dawa huiita kerichek, tangu kale wamekuwapo mafundi wa kuunga mifupa, wapapasao kwa vidole penye mvunjiko, wakavuta kiungo hata kikanyooka, kisha wakakifunga kwa vijiti. Lugha yetu nayo inashuhudia kwamba kazi hiyo ni kongwe, kwani kuganga asili yake ni kufunga na kuunga kilichovunjika, na gango ni kile kiungacho; mganga, basi, kabla hajawa mwenye hirizi, alikuwa mwenye gango. Silisemi hili ili kuficha madhara, maana gango likikazwa kupita kiasi huzuia damu, na mguu ambao ungalipona ukaishia kukatwa hospitalini. Lakini kosa la namna hiyo huonekana kwa macho, na fundi aweza kusahihishwa.

Mwaka 1964, huko Detroit, George Goodheart, mtabibu wa uti wa mgongo, alisugua msuli dhaifu wa bega la mgonjwa, ukapata nguvu papo hapo. Na kutokana na tukio hilo akajenga madhehebu mazima ya tiba, nayo akayapa jina lilo hilo la kinesiolojia, ambayo kwayo mkono ulionyoshwa, ukilegea unapobonyezwa, hudaiwa kufichua maradhi ya ini, upungufu wa vitamini, au chakula kisichomfaa mtu. Mwaka 1988 wapimaji watatu wenye tajiriba waliwapima watu 11, na majibu yao yakalinganishwa na vipimo vya damu. Hayakuafikiana na damu, wala yenyewe kwa yenyewe. Sishuku kwamba wengi wa wapimaji wa namna hii husadiki wayafanyayo, lakini mkono ubonyezao huku ukijua jibu linalotarajiwa huweza kulitengeneza jibu lenyewe bila ya mwenye mkono kutambua.

Hapa Kenya sheria ya wataalamu wa fiziotherapia ilipitishwa mwaka 2014, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 ikaitambua tiba ya asili na tiba mbadala. Natamani kila ajaye chini ya sheria hiyo, awe fundi wa gango kutoka Baringo au mpimaji wa mikono mwenye chumba mjini Nakuru, akubali mizani ile waliyoikubali wanawake wa mwaka 1986, waliopanda juu ya mashine na mizigo yao, wakatoa pumzi zao zihesabiwe.