Nyumba za Ocaf na Bashi za Mulongwe

Wengi wenu mmevuka mpaka wa Kavimvira mkafika Bujumbura, na huenda mlipita kata ya Ngagara. Wazee huiita Ocaf. Neno hilo si la Kirundi wala la Kifuliiru. Ni kifupisho cha jina la ofisi ambayo utawala wa Kibelgiji uliiunda mwaka 1952 ili ijenge makao ya Waafrika mijini, kwa fedha za Serikali, huko Léopoldville, Élisabethville, Bukavu na Usumbura, ambayo ndiyo Bujumbura ya leo.

Hatuisifu enzi ile. Nyumba zilipangwa kwa ajili ya watu wa mshahara ambao wakoloni waliwahitaji, tena mbali na mitaa ya Wazungu, na wakulima wa pamba wa bonde letu la Ruzizi hawakuhesabiwa. Hata hivyo, tofali zile zinashuhudia kwamba Leta, kama wasemavyo wazee wetu, inaweza kutenga fedha za nyumba kabla mtu hajalala nje.

Kwetu fedha huja baada ya maafa, zikija. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika mjini Uvira. Makumi ya watu walikufa, maelfu ya nyumba yakabomoka, na wenye nyumba wakaishia chini ya bashi. Mwaka 2024 ziwa lenyewe lilipanda likaingia Kavimvira na mitaa mingine ya pwani. Tulisikia wengi wakisema kwamba jambo hilo halijapata kuonekana.

Limepata kuonekana. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga, huko Kalemie. Stanley alipofika hapo mwaka 1876 aliukuta umezibwa na matope na mafunjo, huku ziwa likizidi kupanda. Miaka michache baadaye maji yalivunja kizuizi hicho na ziwa likashuka kwa mita kadhaa. Kisha mvua kubwa zilizoanza mwaka 1961 zikalipandisha tena hadi mwaka 1964. Mwaka huo uasi wa Mulele ulikuwa umeuteka mji wa Uvira, na ni vigumu kumlaumu mtu aliyekuwa akikimbia risasi kwa kutoweka alama pale maji yalipofika. Lakini miaka iliyofuata, maji yalipokwisha kurudi nyuma, viwanja vya ufukweni viligawanywa na kuuzwa. Hilo tunalilaumu.

Kuzuia si jambo la siri. Hapa Runingu kila fundi anajua kwamba ukuta wa tofali za udongo ukisimama ndani ya maji siku mbili huanguka, bali ule uliowekewa msingi wa mawe huvumilia. Panahitajika mawe, kuta za kuzuia kingo za mito, miti juu milimani, Lukuga kusafishwa, na viwanja vyenye hati mahali pa juu kwa wale wanaopaswa kuhama. Yote hayo yana gharama, na mjane anayeuza mihogo sokoni hawezi kuibeba peke yake.

Tutaambiwa kwamba Serikali ni maskini na vita havijaisha. Vita ni kweli. Lakini Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 48, inahakikisha haki ya makao yanayostahili. Na kifungu cha 175 kinaipa mikoa asilimia 40 ya mapato ya kitaifa. Sheria ya mwaka 2008 inaongeza kwamba asilimia 40 ya fungu hilo la mkoa ni ya miji, komini, sekta na usultani. Kwa hiyo usultani wa Bafuliru, ambao Runingu imo ndani yake, una haki ya kudai fungu lake kutoka mkoa, nasi tuna haki ya kuuliza linatumikaje.

Bajeti ya usultani huandikwa kila mwaka. Mwaka huu, kabla ya mvua, tuombe kuisoma. Tutafute humo mstari mmoja: fedha za viwanja na misingi ya nyumba. Usipokuwapo, tuandike barua ya kuuomba, na vijana wa kila parokia ya bonde watie sahihi.