Kumbukumbu, hifadhi na nakala rudufu: istilahi za seva ya faili

Seva ya faili (nomino, ngeli ya I-/ZI-) ni kompyuta inayotunza faili na kuzigawa kwa kompyuta nyingi kupitia mtandao. Anayeandika au kutafsiri maelezo ya ununuzi wa seva ya aina hii hukumbana na jozi tatu za maneno ambazo, zikichanganywa, hugharimu fedha na pengine kazi ya miaka mingi.

1. Kumbukumbu na hifadhi

Kumbukumbu huweka data inayoshughulikiwa kwa wakati huo. Umeme ukikatika, hufutika. Hifadhi ni diski ambamo data hubaki hata seva ikizimwa. Mkanganyiko huu una asili yake: mzizi wa Kiarabu uliotupa *hifadhi* hubeba maana ya kulinda na pia ya kuweka moyoni, ndiyo maana husemwa kuwa mtu *amehifadhi* Kurani. Katika istilahi za kompyuta, hata hivyo, mpaka uzingatiwe.

*Isiwe:* Seva iwe na kumbukumbu ya terabaiti 12.
*Iwe:* Seva iwe na kumbukumbu ya gigabaiti 32 na hifadhi ya terabaiti 12.

2. Biti na baiti

Baiti moja ina biti 8. Kasi ya mtandao hupimwa kwa biti, ukubwa wa faili kwa baiti. Mtandao wa gigabiti 1 kwa sekunde haupitishi zaidi ya megabaiti 125 kwa sekunde, nazo hugawanywa miongoni mwa wote wanaotumia seva kwa wakati mmoja. Anayegeuza *biti* kuwa *baiti* huahidi kasi mara nane ya iliyopo. Mnunuzi atalaumu diski ilhali kikwazo ni mtandao.

3. Ustahimilivu na nakala rudufu

Mpangilio wa RAID, ulioelezwa mwaka 1988 na David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, huunganisha diski kadhaa zitumike kama moja. Diski 4 za terabaiti 4 zina *ujazo ghafi* wa terabaiti 16. Katika RAID 5, *ujazo wa kutumika* ni terabaiti 12, na diski 1 ikiharibika data haipotei. Katika RAID 6 ni terabaiti 8, na hata diski 2 zikiharibika data husalia. Taja daima ni ujazo upi unaokusudiwa.

Usiuite mpangilio huu *nakala rudufu*. Faili ikifutwa kwa makosa, hutoweka katika diski zote papo hapo. Nakala rudufu ni ile iliyowekwa nje ya seva yenyewe, na yafaa iandikwe katika kifungu chake.

*Iwe:* Seva iwe na diski 4 katika RAID 6. Nakala rudufu itunzwe katika jengo jingine.