Barua Iliyopitia Angani Kuvuka Barabara

Mwaka 2001 dada yangu mkubwa alinipeleka saiba fulani ya ghorofani, Tom Mboya Street. Tulilipa kwa dakika. Akamwandikia rafiki yake aliyefanya kazi jengo la ng'ambo ya barabara, akabonyeza, tukangoja. Tukangoja tena. Yaani tungeshuka ngazi tumpelekee ujumbe kwa mguu, tungefika mapema. Nikadhani kompyuta ni mbovu.

Kumbe wapi! Siku hizo kampuni za intaneti za Kenya hazikuwa zimeunganishwa zenyewe kwa zenyewe. Kama uko kampuni hii na beste yako yuko ile, barua yako ilirushwa hadi kwa setilaiti, kilomita elfu 36 juu ya ikweta, ikashukia Marekani au Ulaya, kisha ikarudishwa huku vivyo hivyo. Njia yenyewe nyembamba, sote tumejazana humo, na ililipiwa kwa dola. Nani alilipa? Si ni sisi, kwa dakika.

Kilichoniuma zaidi nilikijua baadaye: dawa ilikuwa imeshapatikana. Novemba 2000 kampuni hizo, kupitia chama chao TESPOK, zilifungua Nairobi kituo cha kubadilishana data, KIXP. Usifikirie mitambo ya ajabu. Kiini chake kilikuwa swichi, kila kampuni inachomeka waya wake, ya Nairobi yabaki Nairobi. Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya pekee ya kupitisha mawasiliano ya kimataifa, ikalalamika. Wiki mbili hivi baadaye Tume ya Mawasiliano, CCK, ikaamuru kifungwe kwa kukosa leseni.

Hebu niambie, barua ya kutoka Westlands kwenda Industrial Area ni ya kimataifa kivipi? Kampuni zilikata rufaa zikisema hivyo hivyo, kwamba data hii ni ya ndani. Kituo kikapewa leseni, kikafunguliwa tena Februari 2002. Safari iliyochukua zaidi ya sekunde nzima ikawa chini ya sehemu ya kumi ya sekunde.

Watu husifu nyaya za baharini zilizofika Mombasa 2009, na ni sawa. Lakini mimi naisifu ile swichi.

Rafiki ya dada alipiga simu ya mezani kesho yake. Alitaka kujua kama ile barua tulishaituma.