Kicheko na Sheria katika Riwaya ya Kale
Riwaya ya Regency Buck, aliyoitoa Georgette Heyer mwaka 1935, yahusu Uingereza ya 1811 na 1812, mwana wa mfalme alipotawala badala ya baba yake mgonjwa. Msomaji hufurahi kumwona Beau Brummell, bingwa wa mavazi wa zama hizo, na waungwana waliothamini fundo la kitambaa cha shingo kuliko mambo ya dola. Walakini chini ya kicheko hicho pana sheria nzito. Judith Taverner ni tajiri, lakini mlezi wake aweza kumzuia asiolewe. Na akiolewa, fedha zake zisizolindwa kwa hati zitakuwa za mumewe. Sheria hiyo ya mali ilidumu hadi 1882. Ndiyo sababu msomaji huyacheka majibu makali ya Judith, huku akimhofia.