Kilomita Chache Zilizofungwa Mwaka 1977

Hebu fungua ramani kwenye simu yako. Tafuta Keekorok, kusini mwa Maasai Mara, kisha shuka na kidole hadi Sand River. Ukivuka huo mto uko Tanzania, na kilomita chache mbele kuna Bologonja, mlango wa kaskazini wa Mbuga ya Taifa ya Serengeti. Kwa macho ya ramani hizi mbuga mbili ni kitu kimoja. Nyasi ni zilezile, nyumbu ni walewale, hata simba wanaokula hao nyumbu hawajui wako kaunti gani wala mkoa gani.

Sasa piga simu kwa kampuni yoyote ya safari hapa Nairobi, uwaambie unataka kulala Mara leo na Serengeti kesho, kwa gari. Mimi nimewahi kuuliza. Jibu ni kwamba utatoka Mara uelekee magharibi hadi Isebania, ugongewe mhuri, uvuke hadi Sirari, uhamie gari lenye namba za Tanzania, ndipo uanze kuitafuta Serengeti kutokea upande mwingine. Siku nzima inaishia barabarani. Mwenye hela atapanda ndege ndogo kutoka Mara hadi Migori, atavuka mpaka kwa gari, kisha apande ndege nyingine Tarime impeleke Kogatende. Na Kogatende yenyewe iko kando ya Mto Mara, karibu kabisa na mpaka wa Kenya. Yaani unazunguka nyumba nzima ili uingie chumba kinachopakana na chako.

Ukiuliza kwa nini huwezi kupita Sand River moja kwa moja, unajibiwa neno moja: ilifungwa. Ni jibu zuri kwa sababu halimtaji aliyefunga. Lakini barabara haijifungi yenyewe, na hii ina tarehe, ina wenyewe, na ina kesi ambayo haijaisha.

Tuanze na mstari wenyewe. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana kugawana eneo hili. Mstari ukaanzia pwani karibu na mdomo wa Mto Umba, ukauzunguka Kilimanjaro, kisha ukanyooka hadi Ziwa Viktoria kana kwamba hakuna mtu anayeishi katikati. Ukawakata Wamaasai vipande viwili. Hata hivyo, kwa miaka mingi mstari huo haukumsumbua sana msafiri. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia pande zote mbili zilikuwa chini ya Mwingereza, na mtalii aliyetua Nairobi aliweza kuendelea na safari yake hadi Ngorongoro.

Mbuga zenyewe zilikuja baadaye. Mara ilianza kama hifadhi ndogo mwaka 1948, ikapanuliwa mwaka 1961 na kukabidhiwa baraza la Narok. Serengeti ikawa mbuga ya taifa mwaka 1951. Na hapa tusipite haraka, kwa sababu watu wa kwanza kufungiwa njia Serengeti hawakuwa watalii. Mwaka 1959 mipaka ya mbuga ilichorwa upya, Ngorongoro ikatengwa, na Wamaasai waliokuwa wakilisha mifugo ndani ya Serengeti wakatakiwa kuhama. Mwaka huohuo Bernhard Grzimek alitoa kitabu na filamu kuhusu Serengeti, na filamu ikashinda tuzo ya Oscar. Dunia ikapenda nyika isiyo na watu, muda uleule watu wakiondolewa.

Miaka ya 1960 ikaleta uhuru na pamoja nao mzunguko wa safari ambao wazee wa biashara ya utalii bado wanausimulia kwa mate mdomoni. Mgeni anatua Nairobi, anapanda vani, analala Keekorok, anavuka Sand River, anapita Lobo na Seronera, anashuka Ngorongoro na Ziwa Manyara, kisha anarudi Nairobi kupitia Arusha na Namanga. Mwaka 1967 Kenya, Uganda na Tanzania zilitia saini mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Reli moja, posta moja, shirika moja la ndege. Barabara ya Bologonja ilikuwa ushahidi kwamba hayo mambo yanawezekana.

Lakini hebu fuata pesa. Hoteli ya usiku wa kwanza na wa mwisho iko Nairobi. Vani ni ya Nairobi, dereva ni wa Nairobi, mafuta yamejazwa Kenya, na mgeni alilipia kila kitu kwa wakala wa Nairobi kabla hata ya kuona twiga. Tanzania inabaki na ada ya geti, vitanda vya siku chache na barabara zilizochimbwa na matairi. Wanyama ni wao kwa wingi, faida ni yetu kwa wingi. Tanzania haikukaa kimya. Mwaka 1971 ilifungua Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro, kusudi mgeni atue huko huko bila kupitia kwetu. Ila wageni waliendelea kutua Nairobi.

Isitoshe, nchi hizi mbili zilikuwa zimeshika njia tofauti. Nyerere alitangaza Azimio la Arusha mwaka 1967. Kenya ya Kenyatta ikaachia soko litembee. Upande wa pili wa mpaka mabepari wakaitwa manyang'au, na upande huu watu wakaicheka foleni ya sukari ya jirani. Ukisikia leo vijana wa X wakirushiana maneno, Mkenya kuhusu Kiswahili na Mtanzania kuhusu wizi, jua hiyo stori ni ya zamani kuliko simu.

Ndipo ikafika Februari 1977. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilikuwa limelemewa na madeni na ugomvi wa nani hajalipa sehemu yake. Ndege zikasimama, na Kenya ikaanzisha shirika lake, Kenya Airways. Tanzania ikajibu kwa kufunga mpaka. Watalii waliokuwa katikati ya safari walikwama. Magari ya kampuni za Kenya yaliyokutwa upande wa pili yalizuiliwa, pamoja na ndege ndogo. Ndani ya mwaka huohuo Jumuiya ikafa.

Kwa hiyo aliyefunga anajulikana: ni serikali ya Tanzania. Ukitaka kujua aliyesababisha, orodha inakuwa ndefu na sisi tumo.

Sasa angalia kilichofuata, maana hapa ndipo historia inapokataa kuegemea upande mmoja. Ukisikiliza maneno ya siku hizi utadhani barabara ikifungwa wanyama wanapumua. Mwaka 1977 ilikuwa kinyume. Wageni walipungua ghafla Serengeti, mapato ya mbuga yakaanguka, na askari wa doria wakabaki bila magari na mafuta ya kutosha. Majangili wakajua. Kaskazini mwa mbuga, palepale penye geti lililofungwa, nyati waliuawa kwa wingi. Faru karibu waishe. Tembo wa Serengeti walikuwa takriban 2,500 mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kufikia 1986 walikuwa karibu 500. Wengine waliuawa, wengine walivuka kuja Mara. Tembo wakawa wakimbizi wa ugomvi wa mashirika ya ndege.

Nyumbu ndio walioneemeka, na sababu haikuwa geti. Baada ya ng'ombe wa eneo hili kuchanjwa dhidi ya sotoka, ugonjwa ulitoweka hata kwa wanyama wa porini. Nyumbu waliokuwa kama robo milioni mwanzoni mwa miaka ya 1960 walipita milioni moja kufikia mwisho wa miaka ya 1970. Yaani msafara huu mkubwa wa wanyama ulifikia kilele chake wakati binadamu walikuwa wamekatazana kuvuka.

Kenya nayo haikulia sana. Mgeni aliyekuwa akiipita Mara akielekea Serengeti sasa aliishia Mara. Hoteli na kambi zikaongezeka, na jina Mara likawa kubwa duniani. Ukiona leo vani arobaini zimebanana ukingoni mwa mto zikisubiri nyumbu aruke, unatazama pia matokeo ya 1977. Tulipokosa sehemu ya pili ya safari, tuliibebesha sehemu ya kwanza mzigo wote. Upande wa pili, kaskazini mwa Serengeti ilibaki kimya kwa miaka mingi, na huo ukimya sasa ni bidhaa: kambi za Kogatende huuza ule utulivu ambao Mara hauna tena.

Mpaka ulifunguliwa tena Novemba 1983, baada ya mwanadiplomasia wa Uswisi, Victor Umbricht, kuhangaika miaka mingi kugawa mali na madeni ya Jumuiya iliyokufa. Namanga ikafunguka, malori yakapita, watu wakasalimiana. Bologonja haikurudi kuwa njia ya watalii. Makubaliano ya utalii ya mwaka 1985 yaliweka utaratibu kwamba gari la watalii la nchi moja lina mahali pa kuishia katika nchi ya pili, na mbugani si mahali pake. Ndiyo sababu unashushwa mpakani na kuhamisha mabegi. Mwishoni mwa 2014 Kenya nayo ikalitumia fimbo hilo: magari ya watalii kutoka Tanzania yakakatazwa kuingia uwanja wa JKIA. Tanzania ikajibu kwa kupunguza safari za Kenya Airways. Marais Kikwete na Kenyatta walimaliza hilo zogo Machi 2015. Ndege na vani tena, kana kwamba mtu ameirudia mechi ya 1977 kwa wachezaji wapya.

Kuna jambo moja linalovuruga hesabu ya mbabe na mnyonge. Mwaka 2010 serikali ya Tanzania ilitangaza mpango wa barabara kuu kati ya Musoma na Arusha, ambayo kipande chake cha kilomita 53 hivi kingekata kaskazini mwa Serengeti, kwenye njia ya nyumbu. Shirika la kutetea wanyama lenye makao Nairobi, ANAW, lilienda Mahakama ya Afrika Mashariki, na Juni 2014 mahakama ikazuia barabara ya lami kujengwa ndani ya mbuga. Nilifurahia hukumu hiyo, na bado naiona sahihi. Lakini jiweke kwenye viatu vya mama wa Mugumu au Loliondo, anayetaka hospitali na soko. Anasikia watu kutoka Nairobi wakisema barabara yake itaua nyumbu. Watu haohao wa Nairobi wanataka geti la Bologonja lifunguliwe ili vani zao zipite. Barabara ya mwenyeji ni hatari, ya mgeni ni fursa? Lazima tujibu swali hilo kabla ya kugonga mlango wa mtu.

Na tunapodai undugu, tukumbuke Mto Mara. Unaanzia Mau, kwetu, unavuka mpaka, unanyweshea Serengeti wakati wa kiangazi, kisha unaingia Ziwa Viktoria. Kila eka ya Mau iliyofyekwa ni geti ambalo sisi tunalifunga kidogokidogo, bila tangazo na bila tarehe.

Jumuiya mpya ina makao yake Arusha, mkataba wake ulisainiwa 1999, na soko la pamoja lipo kwenye karatasi tangu 2010. Viza moja ya utalii ilipoanza mwaka 2014 ilihusu Kenya, Uganda na Rwanda, Tanzania haikuwemo. Wengi wetu huona huo ni ukaidi. Mimi naona kumbukumbu. Nchi iliyowahi kulipwa makombo kwa wanyama wake itasoma masharti mara mbili kabla ya kusaini.

Kwa hiyo sitaki Bologonja ifunguliwe kwa mtindo wa zamani. Ningetaka tuanze na mezani: ada igawanywe vipi, gari la Arusha lipate nini Nairobi, idadi ya magari iwe na kikomo, na Mmaasai mwenye jamaa pande zote mbili awe na sauti kabla ya mtu wa kamera. Zile kilomita chache ni rahisi kuchongwa. Greda moja na wiki moja zinatosha. Kilichokosekana tangu 1977 ni hesabu ambayo pande zote mbili zinaweza kuisoma kwa sauti bila mmoja kuinamisha macho.