Gede: Vyombo vya nyumbani vyasimulia maisha ya kale

Katika magofu ya Gede, yaliyomo msituni karibu na Malindi, pwani ya Kenya, zipo nyumba zinazojulikana kwa majina ya vitu vidogo: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Bakuli la Kaure. Majina hayo yalitolewa na James Kirkman, mtaalamu wa mambo ya kale kutoka Uingereza aliyeanza kuchimba hapo mwaka 1948, kufuatana na vitu vilivyopatikana ndani yake. Majina ya waliozijenga yamepotea; vyombo vyao ndivyo vilivyobaki kuwasemea.

Gede ulistawi hasa katika karne ya 15, na ukahamwa katika karne ya 17. Kaburi moja lina tarehe ya mwaka 802 Hijria, yaani 1399. Nyumba za matajiri zilikuwa na ua, vyumba vya mawe, choo cha ndani na ghala lisilo na mlango, lililoingiwa kwa tundu la juu ukutani. Ni dhahiri kwamba mwenye nyumba alikuwa na mali, na alihofia kuibiwa.

Sehemu ya mali hiyo ilitoka mbali. Zilipatikana kaure na sarafu za China, pamoja na ushanga wa Venice. Vitu hivyo vya ng'ambo viliwavutia mno wachimbaji wa mwanzo, na kitabu alichokitoa Kirkman mwaka 1954 kiliuita Gede mji wa Waarabu.

Lakini vigae vingi zaidi ardhini humo ni vya vyungu vya kupikia, vilivyofinyangwa papo hapo pwani. Uchimbaji ulioongozwa na Mark Horton katika miaka ya 1980 huko Shanga, kisiwani Pate, ulionyesha kwamba vyungu vya kienyeji vilitumika tangu karne ya 8, wakati watu walipokaa katika nyumba za miti na udongo. Nyumba za mawe zilikuja baadaye, juu ya makazi yaleyale. Leo wataalamu wengi wanakubali kwamba miji hiyo ilikuwa ya Waswahili wenyewe, waliofanya biashara na kuoleana na wageni.

Bakuli la kaure laonyesha bidhaa za mwenye nyumba zilitoka wapi. Chungu chaonyesha chakula chake kilipikwa vipi, na ufundi wa nani ulitumika. Na kwa desturi za pwani, ufinyanzi ni kazi ya wanawake, ambao kumbukumbu za maandishi huwataja kwa nadra.

Mwaka 2024 UNESCO iliuingiza Gede katika orodha ya urithi wa dunia. Nyumba bado zina majina yaleyale ya mkasi, taa na bakuli. Nyumba ya Chungu haimo, ingawa hapana nyumba iliyokosa chungu.