Historia ya Vita dhidi ya Magugu ya Uani

Kabla ya Vita Kuu ya Pili, mwenye nyumba wa Marekani aliyetamani uwanja wa nyasi usio na gugu mara nyingi hakuwa na hila ila kupiga magoti, kisu mkononi, akachimbua mzizi mrefu wa gugu liitwalo dandelioni mmoja baada ya mwingine, hali akijua ya kuwa kipande kitakachosalia ardhini hakitakawia kuchipua. Mwaka 1945 iliingia sokoni dawa iitwayo 2,4-D, ambayo ajabu yake ni kwamba huiga homoni ya ukuaji ya mmea, hata gugu lenye majani mapana likakua pasipo kiasi, shina likajipinda na kufa, ilhali nyasi zenyewe husalimika. Lakini klova nyeupe, iliyokuwa ikipandwa kwa makusudi pamoja na nyasi kwa kuwa huirutubisha ardhi, nayo iliangamia, na tangu hapo ikahesabiwa katika magugu.

Ndipo kazi ya kuua magugu kwa dawa ikawa biashara: kampuni ya ChemLawn, iliyoasisiwa Ohio katika miaka ya 1960, ilipeleka malori yenye matangi na mipira mirefu hadi milangoni mwa watu. Hata hivyo, mwaka 1991 mji mdogo wa Hudson, jimboni Quebec, ulipiga marufuku dawa zinyunyizwazo kwa ajili ya urembo tu, na kampuni mbili za unyunyizaji zilipoipinga sheria hiyo, Mahakama ya Juu ya Kanada iliupa mji ushindi mwaka 2001. Hukumu hiyo naiona ya insafu, kwa maana afya ya jirani hutangulia uzuri wa uwanja wa mtu.